Tuchukue Kazi Nyepesi, Tuiache Kamba

Mzee akianguka akaumia mguu, sisi nyumbani husema nini? Husema, "Mwacheni apumzike." Chakula analetewa kitandani. Maji ya kunawa analetewa. Akitaka kukaa, vijana wawili humshika mabega na kumwinua. Wiki ya kwanza inapita. Mwezi wa kwanza unapita. Mfupa unaunga vizuri. Lakini mzee hawezi tena kwenda chooni peke yake. Nasi tunasema, "Ni uzee huo."

Mimi nasema si uzee peke yake. Mara nyingi ni misuli iliyonyimwa kazi. Tena nasema kwamba misuli hiyo inaweza kurudi, hata kwa mtu mwenye mvi. Inarudi kwa kazi nyepesi, inayofanywa mara nyingi, siku baada ya siku.

Neno hili halikutoka hewani. Wapo watu waliotumia maisha yao kulichunguza. Leo nitaeleza habari za mmoja wao, Yoshiaki Sato wa Japani. Kwa miaka mingi alichunguza jinsi msuli unavyofanya kazi damu yake ikizuiwa kidogo na oksijeni yake ikipungua. Katika kazi yake mna mambo mawili. Jambo moja tulichukue. Jambo la pili tuliache huko huko kwa wataalamu. Soma mpaka mwisho, utaona sababu.

MSULI USIPOFANYA KAZI HUSINYAA

Kwanza tuelewe msuli. Msuli ni ile nyama inayovuta mifupa ili tuweze kutembea, kulima, kutwanga na kubeba. Msuli ukitumika hukua. Usipotumika husinyaa. Mtu aliyefungwa hogo, yaani ile plasta ngumu ya hospitali, anajua. Siku hogo linapokatwa, mguu wake unaonekana mwembamba kuliko mwenzake.

Mwaka 1966 wataalamu walipima jambo hili katika mji wa Dallas, nchini Marekani. Mmoja wao alikuwa Bengt Saltin, mtaalamu wa mazoezi kutoka Sweden. Walichukua vijana watano wazima wa afya, wenye umri wa miaka 20 hivi. Wakawalaza kitandani kwa wiki tatu. Hawakuwa wagonjwa. Walilala tu.

Baada ya wiki tatu walipimwa. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni wakati wa kazi ngumu ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo.

Habari haikuishia hapo. Miaka 30 baadaye, mwaka 1996, watu hao hao watano walipimwa tena. Sasa walikuwa na miaka 50 hivi. Wataalamu walishangaa. Zile wiki tatu za kulala zilikuwa zimepunguza uwezo wao kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Kisha wakafanya mazoezi ya polepole kwa miezi sita. Wakarudi pale walipokuwa ujanani, kabla ya kulazwa.

Ndugu msomaji, pima mwenyewe. Ikiwa wiki tatu za kulala zilimfanya hivyo kijana wa miaka 20, je, miezi mitatu ya kulala itamfanya nini mama wa miaka 70?

KIJANA ALIYEKUFA GANZI MIGUU

Mwaka huo huo wa 1966, huko Japani, Sato alikuwa kijana wa miaka 18. Alipenda mazoezi ya kunyanyua vyuma. Siku moja alihudhuria ibada ya dini ya Kibudha. Wajapani katika ibada kama hiyo hupiga magoti na kukalia visigino vyao. Ibada ilikuwa ndefu. Miguu ya Sato ikafa ganzi. Akaanza kuisugua ndama za miguu kwa mikono.

Alipoisugua aliona jambo. Ndama zake zilikuwa zimejaa na kukaza, kama zinavyokuwa baada ya mazoezi mazito. Lakini hakuwa amefanya mazoezi. Alikuwa amekaa tu. Akajiuliza, "Je, ni kwa sababu damu imezuiwa?"

Wengi wetu tumekufa ganzi miguu. Tunasimama, tunaitikisa, tunasahau. Sato hakusahau. Alianza kujaribu juu ya mwili wake mwenyewe. Alijifunga kamba na mipira ya ndani ya baiskeli kwenye mikono na mapaja. Mara alikaza sana, mara alilegeza. Kisha alifanya mazoezi mepesi na kuandika kilichotokea.

Mwaka 1973 alipata ajali wakati wa mchezo wa kuteleza juu ya theluji. Alivunjika kifundo cha mguu na kuumia goti. Akafungwa hogo. Mwenyewe ameeleza kwamba hakulala tu. Alifunga mkanda kwenye paja, akawa anakaza misuli na kuilegeza bila kuusogeza mguu. Alifanya hivyo mara kadhaa kila siku. Msuli wa mguu wake haukusinyaa kama ilivyotarajiwa.

Baadaye, katika miaka ya 1980, alianza kuwafundisha watu wengine. Njia yake aliiita Kaatsu. Kwa Kijapani maana yake ni kuongeza mkandamizo.

KWA NINI MSULI HUITIKA?

Oksijeni ni ile sehemu ya hewa ambayo mwili unaihitaji ili uishi. Tunaivuta puani, inaingia mapafuni, damu inaichukua na kuipeleka kwenye misuli. Ipo mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni. Ipo mingine inayoirudisha.

Fikiria mfereji wa kumwagilia bustani. Maji yanaingia juu na kutoka chini. Ukiziba nusu ya mlango wa kutokea, maji yanaendelea kuingia, lakini hayatoki upesi. Bustani inajaa. Ndivyo unavyofanya mkanda wa Kaatsu. Damu inaendelea kuingia kwenye mguu, lakini inachelewa kurudi. Damu iliyochelewa huishiwa oksijeni. Uchafu wa kazi ya msuli nao hubaki pale pale.

Ndani ya msuli mna nyuzi nyingi. Zipo nyuzi nyembamba za kazi ndefu na nyepesi, kama kutembea. Hizo hutegemea sana oksijeni. Zipo nyuzi nene za kazi nzito, kama kuinua gunia. Kwa kawaida nyuzi nene hukaa kimya mpaka kazi nzito ije. Lakini oksijeni ikipungua, nyuzi nyembamba huchoka mapema. Hapo nyuzi nene huitwa kusaidia, ingawa mzigo ni mwepesi. Zikifanya kazi mara kwa mara, hukua.

Usichanganye jambo hili na hewa ya milimani. Mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Mexico City, mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Wakimbiaji wengi wa mbio ndefu waliotoka nchi za tambarare waliteseka. Kipchoge Keino wa Kenya, aliyezoea nyanda za juu, alishinda mbio za mita 1,500. Mtu akiwa mlimani, mwili wote hupata oksijeni kidogo. Mtu akifungwa mkanda, ni mguu mmoja au mkono mmoja tu. Lakini elimu inayopatikana ni moja. Mwili haukai bure unapopata shida ndogo. Hujipanga upya.

WATAALAMU WALIPIMA

Neno la mtu mmoja halitoshi. Mtu anaweza kusema dawa yake inaponya, kumbe angepona bila dawa. Kwa hiyo watafiti wa Japani walifanya majaribio na kupima.

Mwaka 2000 walitangaza matokeo ya jaribio moja la wanawake 24, wengi wa umri wa miaka 50 na zaidi. Walinyanyua vyuma kwa mkono kwa muda wa wiki 16. Wengine walinyanyua vyuma vizito. Wengine walinyanyua vyepesi bila mkanda. Wengine walinyanyua vyepesi wakiwa wamefungwa mkanda. Msuli wa waliotumia vyuma vizito ulinenepa kwa asilimia 18 hivi. Wa waliotumia vyepesi na mkanda ulinenepa kwa asilimia 20. Wa waliotumia vyepesi bila mkanda ulinenepa kwa asilimia 7.

Mwaka 2006 Sato na wenzake walitangaza jambo jingine. Vijana walitembea polepole wakiwa wamefungwa mkanda mapajani. Walitembea dakika mbili, wakapumzika, wakarudia mara tano. Walifanya hivyo mara mbili kwa siku, siku sita kwa wiki. Baada ya wiki tatu mapaja yao yalikuwa yameongezeka unene na nguvu. Wenzao waliotembea vivyo hivyo bila mkanda hawakuongezeka.

Tangu hapo njia hii imechunguzwa katika nchi nyingi. Wapo wataalamu wa mazoezi ya viungo wanaoitumia hospitalini kwa watu waliopasuliwa goti, ambao hawawezi kubeba mzigo mzito.

SASA KWA NINI NASEMA TUIACHE KAMBA?

Najua wapo watakaosoma habari hii na kuutazama ule mpira wa baiskeli unaofungia mzigo. Watasema, "Kumbe dawa tunayo nyumbani!" Ndugu yangu, usithubutu.

Sababu ya kwanza. Sato mwenyewe alikaribia kufa. Ameeleza kwamba katika majaribio yake ya mwanzo damu iliganda, ikaenda kuziba mshipa mapafuni. Akalazwa hospitali. Damu iliyoganda mapafuni inaweza kumwua mtu kwa dakika chache. Alinusurika. Mwingine huenda asinusurike.

Sababu ya pili. Wataalamu hawatumii kamba. Hutumia mkanda mpana unaojazwa hewa na kupimwa, kama ule wa kupimia shinikizo la damu zahanati. Wanajua wakaze kiasi gani na wafungue lini. Kabla ya kuanza humwuliza mtu kama ana ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, kisukari au ujauzito, na kama damu imewahi kumganda. Kamba haina kipimo. Inaweza kuzuia damu inayoingia pia. Hapo msuli haujengwi, bali unakufa.

Sababu ya tatu. Hata panapokuwa na wataalamu, mambo hutokea. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watu 12,642 waliotumia njia hii huko Japani. Kati ya kila watu 100, watu 13 walivilia damu chini ya ngozi. Watu saba hivi katika wote hao damu iliganda katika mishipa yao. Mmoja iliganda mapafuni. Ni wachache sana. Lakini hao walikuwa na wasimamizi. Mtu aliyejifunga peke yake nyuma ya nyumba, nani atamwona?

KAMBA NA NYOKA

Hapa lazima niseme jambo la pili kuhusu kamba. Katika vijiji vyetu mtu akiumwa na nyoka, wengi hukimbilia kamba. Humfunga mguu kwa nguvu juu ya jeraha. Wanaamini wanazuia sumu.

Shirika la Afya Duniani linashauri tusifunge kamba ya kukaza mtu akiumwa na nyoka. Sababu ni ile ile niliyoieleza. Damu ikikatwa, oksijeni inakatwa. Mguu uliokosa oksijeni kwa saa nyingi huoza. Wapo watu waliookoka na sumu ya nyoka wakakatwa mguu kwa sababu ya kamba.

Mtu akiumwa na nyoka fanyeni hivi. Mtulizeni na mmlaze. Mvueni pete, bangili na viatu kabla mguu au mkono haujavimba. Funganisheni mguu na fimbo iliyonyooka ili usitikisike, lakini msikaze. Msichanje, msinyonye, msipake chochote. Mbebeni upesi hadi kituo cha afya. Asitembee mwenyewe. Kama mtu mwingine ameshamfunga kamba ya kukaza, mpelekeni haraka sana, na mhudumu wa afya ndiye aifungue.

KAZI NYEPESI BILA KAMBA

Sasa turudi kwa mzee wetu. Je, tukiiacha kamba tumepoteza kila kitu? Hapana. Na hapa ndipo penye habari njema.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, nchini Kanada, walitangaza jaribio la vijana 18. Walifanya mazoezi ya paja kwa wiki 10. Katika jaribio hilo hapakuwa na mkanda. Mguu mwingine uliinua uzito mkubwa. Mwingine uliinua uzito mdogo, lakini mara nyingi, mpaka msuli ukachoka kabisa. Mwishoni msuli wa mguu wa uzito mdogo ulikuwa umenenepa sawasawa na wa uzito mkubwa. Uzito mkubwa ulizidi katika kuongeza nguvu ya kuinua mzigo mzito. Lakini uzito mdogo nao ulijenga msuli.

Kwa nini? Kwa sababu nyuzi nyembamba zikichoka kabisa, nyuzi nene huitwa. Kamba ni njia ya kuzichosha mapema. Kurudia mara nyingi ni njia nyingine. Njia hii ya pili haigandishi damu wala haiozeshi mguu.

Je, na wazee sana? Mwaka 1990 wataalamu wa Boston, Marekani, walitangaza habari za wazee 10 waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee. Umri wao ulikuwa miaka 86 hadi 96. Walifundishwa kuinua uzito kwa miguu, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane, chini ya uangalizi. Mmoja hakumaliza. Wale tisa waliomaliza, nguvu za mapaja yao zilizidi mara mbili na nusu ya zile walizoanza nazo. Wawili waliacha kutumia mkongojo.

Miaka 90, ndugu msomaji! Baada ya hapo nani atasema, "Huyu keshazeeka, haina maana"?

"LAKINI WAZEE WAMECHOKA"

Wapo watakaonipinga. Watasema, "Wazee wetu wamelima miaka 50. Wamebeba kuni na maji. Sasa unataka tuwafanyishe kazi tena? Huko ni kukosa adabu."

Ninaiheshimu hoja hiyo. Kupumzika ni haki ya mzee. Jembe apewe kijana. Ndoo ya maji ibebwe na kijana. Lakini jembe ni kitu kimoja, na kuinuka kitini ni kitu kingine. Mzee tukimpunguzia jembe tunamheshimu. Tukimpunguzia mpaka kuinuka na kutembea, tunamfanya mfungwa wa kitanda. Na mfungwa wa kitanda hupata vidonda vya mgongo, hupata homa ya mapafu, na anapojaribu kusimama usiku huanguka tena.

Mara nyingi mzee mwenyewe husema, "Niacheni nijaribu." Sisi tunajibu, "Kaa tu, bibi, tutakusaidia." Tunasema kwa upendo. Lakini upendo huo unamnyang'anya miguu yake. Upendo wa kweli ni kusimama karibu naye, mkono uko tayari, akajaribu.

Wengine watasema, "Sisi wakulima hatuna haja ya mazoezi. Shamba latutosha." Ni kweli kwa anayelima. Simwambii mkulima akatafute mazoezi mengine. Nasema juu ya wale walioacha shamba kwa ugonjwa, ajali au umri.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mwulize mhudumu wa afya. Kama mfupa umevunjika, yeye ndiye atakayesema mgonjwa aanze lini kukanyaga. Mwulize hivi: "Wakati mguu huu umetulia, viungo gani vingine tuvitumie?" Aliyevunjika mguu ana mikono miwili mizima na mguu mwingine.

Aliye na hogo anaweza kuruhusiwa kuchezesha vidole. Anaweza pia kuruhusiwa kukaza msuli wa paja na kuulegeza, bila kuusogeza mfupa. Aulize kwanza.

Aliyepona lakini ni dhaifu afanye mambo haya matatu.

1. Kuinuka na kukaa. Akae kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani. Ainuke polepole, akae polepole. Ahesabu. Akiweza mara tano leo, wiki ijayo ajaribu mara saba. Mtu asimame karibu.

2. Kuinua visigino. Ashike ukuta au nguzo ya nyumba. Ainuke kwa vidole vya miguu, ashuke. Arudie mpaka ndama za miguu zichoke.

3. Kuinua kopo la maji. Achukue kopo au chupa ndogo yenye maji. Akunje mkono, aunyooshe. Arudie mpaka mkono uchoke. Kisha abadili mkono.

Msuli uchoke, lakini usiume. Asizuie pumzi. Apumzike siku moja katikati. Na atembee kidogo kila siku, hata kama ni kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa uani.

Msuli haujengwi kwa kazi tu. Hujengwa pia kwa chakula. Mgonjwa na mzee wapate maharage, kunde, karanga, dagaa, mayai au maziwa kwa kadiri yaliyopo. Mara nyingi mzee hupewa uji mtupu. Uji mtupu haujengi msuli.

Mwisho, zijueni dalili za hatari. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ndama, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mtu akipata ghafla shida ya kupumua au maumivu ya kifua, msingoje kuche. Huenda damu imeganda. Na mojawapo ya sababu za damu kuganda ni kulala muda mrefu bila kujisogeza.

NENO LA MWISHO

Sato alianza na swali moja mwaka 1966. Ilipofika mwaka 2006, miaka 40 baadaye, bado watu walikuwa wakipima faida na hatari za njia yake. Ndivyo elimu ilivyo. Swali linaweza kutoka kwa mtu yeyote, hata kijana aliyekufa ganzi katika ibada. Lakini jibu linataka kipimo na muda.

Kamba yake tuwaachie wenye vipimo. Sisi tuchukue lile alilolionyesha: mwili dhaifu unaweza kujengwa bila mzigo mzito. Kwa hiyo hatuna sababu ya kumwacha mgonjwa alale mpaka miguu yake imsahau.

Leo jioni, kabla ya kumpelekea mzee wako chakula kitandani, mwulize: "Je, tunaweza kwenda kula pamoja nje?" Akisema atajaribu, mpe mkono. Msiharakishe. Hata hatua kumi ni mwanzo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mguu uliotoka kwenye hogo huwa mwembamba?

2. Kwa nini ni hatari kujifunga kamba au mpira wa baiskeli ili kuongeza nguvu?

3. Mtu akiumwa na nyoka kijijini kwenu, watu hufanya nini? Ni mambo gani yafaa kuachwa?

4. Je, kijijini kwenu yupo mzee au mgonjwa ambaye haamki kitandani? Nani atakwenda na mhudumu wa afya kumtembelea wiki hii?